Mara ya Tatu kwa Doma

Mkwe wangu Gelu alikaa kwenye benchi langu asubuhi ile, anamenya viazi vya kuchemsha huku akichora njia mpya ya wageni anaowaongoza mlimani. Njia kubwa imejaa nyumbu wa mizigo na kelele. Wageni wake walitaka kimya: siku nne juu ya mgongo wa mlima, mwendo wa saa nne tu kwa siku, kulala kwenye nyumba za chai.

"Siku ya pili watalala wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye nyumba ya chai ya Doma, mama. Paa bado zima. Naenda kuikagua."

"Doma amekufa."

"Basi hatawapigia wageni kelele."

Mjinga huyo. Doma alifia mle ndani, theluji ikafunga njia, lama, kuhani wetu, hakufika. Kwetu maiti husomewa sala siku arobaini na tisa ili ajue kwamba amekufa. Doma hakuna aliyemwambia.

Gelu akaenda peke yake. Kesho yake mchana akarudi, akaketi. Nikammiminia chai ya siagi, inachemka. Akaimaliza kwa mkupuo mmoja. Midomo ikababuka. Uso hakuukunja.

"Umekunywa kwake?" nikanong'ona.

"Kulikuwa na ukungu, mama. Sikumwona vizuri. Alinikaribisha, nikakataa. Akanikaribisha tena, nikakataa. Ya tatu nikapokea."

Ndivyo tulivyolelewa sote. Kumkatalia mwenye nyumba mara ya tatu ni kumtukana.

Siku tano hakula wala hakulala. Binti yangu, mkewe, alimlilia, naye akamtazama kama anayetazama ukuta. Siku ya sita vidole vyake vya miguu vilianza kuwa vyeusi, na moto uko palepale miguuni. Anayekunywa chai ya maiti hamalizi siku saba. Nikachukua fimbo.

Nilifika kwa Doma adhuhuri. Ukungu. Mlango wazi. Jiko baridi, vumbi kwenye mabenchi yote. Mezani kikombe kimoja. Kinafuka.

"Kunywa, dada," sauti ikasema nyuma ya jiko.

"Sitaki."

"Kidogo tu."

"Sitaki."

Kikombe kikasogea kuja kwangu. Hapakuwa na mkono.

"Kunywa, dada yangu. Nje baridi."

Nina miaka sabini na moja. Watu nawatukana kila siku, lakini chai ya mtu sijawahi kuikataa mara tatu.

"Sinywi, Doma. Umekufa. Huu mwaka wa tatu. Mwachilie mume wa mwanangu."

Nikakisukuma kikombe kwa mkono wa kushoto. Kikaanguka. Sikusikia kikivunjika.

Nyumbani nilimkuta Gelu anapiga mayowe kwamba miguu inamuuma. Nikamwambia apunguze kelele, wageni wake wanapenda kimya.

Sasa makaa nayaokota jikoni kwa mkono wa kushoto. Siumii. Ngozi haibabuki. Lama alikuja akaushika mkono huo kidogo, akaufunika kwa shuka, kisha akaomba maji ya kunawa, kama aliyegusa maiti.