Sahani ya Bi Firdaus

Siku ya soko mjini Machakos, asiye na shughuli akae kwao. Mikokoteni inapita, mwenye mitumba anapigiana kelele na mwenye nyanya, na katikati ya vurugu hiyo Kavutha alikuwa akipenya kwa viwiko, gauni lake jekundu limeshika vumbi hadi magotini, tepu ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Alikuwa akimtafuta mwanawe. Alimtuma vifungo tu, duka la karibu, na mtoto akapotelea huko huko.

Alimpata kwenye kibanda cha gemu. Mbinya, msichana wa miaka sita, amekalia kreti ya soda mbele ya televisheni, na wavulana wakubwa kuliko yeye wamemzunguka, wengine midomo wazi.

"Mbinya! Vifungo viko wapi?"

"Mum, ngoja kidogo! Nimebakisha maisha moja!"

"Hiyo maisha moja nitaimaliza mimi na kiatu!"

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Aliyecheka zaidi ni mwenyewe mwenye kibanda, kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama, na kofia ya kiua kichwani. Kavutha akamgeukia.

"Na wewe unacheka nini? Unafungia watoto wa watu kwa giza!"

"Dada yangu, huyu wako hajalipa hata senti. Amewapiga hawa vijana wote, wanaolipa ni wao."

"Mimi hiyo sitaki kujua."

"Basi ujue jina langu tu, ndiyo ukienda kunishtaki usikosee. Naitwa Yahya."

Loo! Kavutha alitaka kuendelea kukasirika lakini mdomo ulimsaliti, ukatabasamu wenyewe. Akamshika mtoto mkono akatoka haraka. Alipofika kwenye baraza aliposhonea nguo ndipo akakumbuka kwamba vifungo hakununua.

Jumatatu iliyofuata Yahya akaja barazani na shati limekatika kifungo. Jumatatu nyingine akaja na jingine. Jameni, hakuna shati linalopoteza kifungo kila Jumatatu, ila lile linalong'olewa! Mafundi wenzake Kavutha walikuwa wakimwona kwa mbali wanaanza kukohoa. Hiyo ilikuwa miaka ile simu za mkono zilikuwa zimeingia juzi tu na watu walipiga wakakata, ili aliye na uwezo ndiye apige. Yahya hakuwahi kumkatia Kavutha.

"Fundi wangu, unafanya nini?"

"Nashona."

"Unashona nini?"

"Mdomo wako, kama hutaniacha nimalize hii kazi."

"Ushone tu, mpenzi. Lakini uache nafasi ndogo ya kukuita."

"Haya Bosi, kata simu, wateja wananiangalia."

Alimwita Bosi kwa sababu watoto wa gemu walimwita hivyo. Akampenda, na alipompenda hakubakisha. Babake Mbinya alikwenda Nairobi kutafuta kazi, akapata kazi na mke, na tangu siku hiyo Kavutha alikuwa ameufunga moyo wake kabisa. Yahya aliufungua kwa vifungo.

Shida ilikuwa mama yake Yahya. Bi Firdaus alikuja Machakos kutoka Pwani akiwa bibi arusi, akafiwa na mume hapa hapa, akamlea mwanawe peke yake kwa duka la vitambaa. Hakuwa mtu mbaya. Lakini mwanamke mwenye mtoto, tena si wa dini yake wala si wa kwao, alimtia homa. Kila alipopita barazani na kukaribishwa chai, alijibu amefunga. Hata siku ya Idi alisema amefunga.

"Mama yangu akila kwako, mambo yamekwisha," Yahya alimwambia Kavutha. "Namjua. Hawezi kula chakula cha mtu halafu amkatae. Akishanawa mikono kwako, nitamwambia siku hiyo hiyo kwamba nakuoa."

"Na asipokula?"

"Atakula. Niachie mimi."

Nafasi ikaja Mbinya alipokaribia kutimiza miaka saba. Mtoto alitaka sherehe, na si sherehe yoyote, ila sherehe ya gemu. Kavutha akacheka kwa uchungu. Pesa za kukodi televisheni na mashine atoe wapi?

"Za nini?" Yahya akasema. "Tutatengeneza gemu yenyewe, watoto waingie ndani."

Basi kwa majuma kadhaa wawili hao wakawa waokota taka wa mji. Maboksi ya sabuni wakayaunganisha yakawa pango. Tairi zilizokwisha wakazipanga za kurukwa. Vizibo vya soda wakavipaka rangi ya manjano vikawa dhahabu. Kavutha akashona riboni kutoka mabaki ya vitenge, tatu kwa kila mtoto, zifungwe mkononi: hayo ndiyo maisha yake, ukiguswa unanyang'anywa moja. Keki aliioka kwa sufuria, makaa chini na makaa juu, akaipamba kwa biskuti za duara kama padi ya kuchezea. Kuku wawili walitoka kwa Yahya, akawachinja mwenyewe asubuhi ya sherehe, ili mamake ale bila shaka moyoni.

"Amekubali kuja," akamnong'oneza Kavutha akimkabidhi beseni la nyama. "Amesema atakula. Fundi, leo usiku utalala mchumba wa mtu."

"Nenda, kijana! Utaniunguzia wali."

Mchana uani pakawa patamu. Kavutha alivaa gauni la buluu lenye kola nyeupe alilojishonea. Mamake mzazi, Syombua, alikuwa amefika kutoka Mwala na leso kiunoni, akamfukuza bintiye jikoni: "Nenda uangalie wageni, mimi napika." Watoto walitambaa pangoni, wakaruka tairi, wakaokota vizibo, na mwisho wa safari walimkuta Bosi mwenyewe, Yahya, boksi kichwani lenye macho mekundu, wakimpiga kwa mipira ya soksi.

"Nimekufa! Mum, nimekufa!" Mbinya akapiga kelele.

Syombua akachomoka jikoni na mwiko. "Woi! Nani amekufa?"

"Ni gemu, Mwaitu! Rudi jikoni!" Kavutha akamwambia mamake.

Bi Firdaus akaingia wakati huo, buibui jeusi linang'aa, mikono ina hina mpya. Alipomwona mwanawe na boksi kichwani akasimama, akajaribu kukaza uso, akashindwa, akacheka. Kavutha alipouona ule mcheko alitaka kulia. Akamkalisha kwenye kiti chenye mto, akamnawisha mikono, akamletea wali na kuku kwa mikono yake miwili.

"Karibu, mama."

"Ahsante, binti. Chakula kinanukia vizuri. Umejifunza wapi?"

Bi Firdaus akafinyanga tonge. Yahya, kule mwisho wa uwanja, aliinua boksi kidogo kuchungulia. Na hapo Syombua, amesimama mlangoni na furaha imemjaa, akamvuta bintiye sikio na kumwambia kwa Kikamba:

"Nimekuondolea aibu. Mgeni atakulaje kwetu kuku zake mwenyewe? Nilikuja na jogoo wangu mkubwa. Nimemchinja kwa mkono wangu, nikamchanganya na zile zao. Heshima ya mkwe ni jogoo."

Kavutha akageuka kuitazama sahani. Mamake hakujua. Angejuaje? Huko kwao Mwala mgeni wa heshima huchinjiwa, na anayechinja ni mwenye mji, basi. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kwa mama huyu kisu kina dini yake.

Tonge lilikuwa njiani. "Bismillahi," akasema Bi Firdaus.

Wewe ungefanyaje? Usiharakishe kujibu. Wanaojua walikuwa wawili tu, na mmoja wao hakujua uzito wa anachojua. Kavutha angenyamaza tu, akageuza macho aangalie watoto, na jua lingetua akiwa mchumba. Wala nyama ile isingemuua mtu.

Akanyakua sahani.

"Samahani, mama. Usile. Hii... hii si yako."

Mkono wa Bi Firdaus ulibaki hewani na tonge lake.

"Si yangu?"

"Nitakuletea nyingine," akasema Kavutha, na papo hapo akakumbuka kwamba sufuria ilikuwa moja. "Kuna... kuna keki."

Alimtazama mamake. Syombua bado alikuwa akitabasamu, mwiko mkononi, akidhani sahani inakwenda kuongezwa nyama, anangoja mkwe aonje jogoo wake. Mwanamke aliyemfuga ndege huyo tangu kifaranga, akasafiri naye kutoka Mwala ili bintiye asidharauliwe, aambiwe mbele ya watu wote kwamba ameharibu chakula? Kavutha akaishikilia sahani.

Bi Firdaus akaweka tonge juu ya meza polepole. "Binti, kwetu hata paka hapokonywi akishafikisha mdomoni. Kama hukunitaka nile, ungeniacha nikae kwangu nifunge."

Akavuta mtandio wake, akaondoka. Yahya akaja mbio, boksi limebaki chini.

"Umemfanya nini mama yangu?"

"Nitakueleza. Sio hapa, tafadhali."

"Nieleze hapa hapa!"

"Yahya, nakuomba. Nipe mpaka kesho tu."

"Nimembembeleza mama mwezi mzima, Kavutha. Mwezi mzima! Halafu unampokonya sahani kama ombaomba?"

Akatoka bila kungoja. Na watoto walikuwa wakingoja keki, kwa hivyo Kavutha akawasha mshumaa, akaimba na kupiga makofi, machozi yakimdondoka mpaka kwenye ile kola nyeupe. Mbinya akauliza kama ni moshi. Akamwambia ndiyo, ni moshi.

Alipiga simu jioni hiyo, haikupokelewa. Kesho yake akapokea ujumbe: *Usinitafute. Mama yangu si wa kuchezewa.* Alipopiga tena, mteja hapatikani. Yahya alikuwa ametupa laini. Akaenda mpaka dukani kwa Bi Firdaus, akakuta kufuli, na jirani akamwambia mama na mwana wamekwenda Mombasa. Angeweza kutuma mtu, ndiyo. Lakini naye alikuwa na hasira yake. Anayekupenda haulizi mara moja akachoka, alijiambia, na maneno hayo akayashikilia kwa meno. Hasira hasara, lakini nani huyakumbuka hayo akiwa amekasirika?

Kavutha hakumwambia mamake chochote. Syombua alirudi Mwala akinung'unika kwamba watu wa mjini wana maringo.

Ni huyo huyo Syombua aliyekuja kuifungua siri bila kujua kama ni siri. Miezi ilikuwa imepita. Alikuja sokoni kuuza pojo, akamwona Bi Firdaus amerudi, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuweka kinyongo, akamfuata.

"Mama Yahya, wewe ulinikosea. Jogoo yangu nilichinja na mkono yangu kwa heshima yako, nikaichanganya na kuku za mtoto yako. Halafu ukaenda bila kuonja!"

Bi Firdaus akamtazama. "Ulichinja wewe?"

"Sasa nani mwingine?"

Wanasema Bi Firdaus aliketi pale pale juu ya gunia la pojo, akashika kichwa kwa mikono miwili, na Syombua akaanza kumpepea akidhani ni jua.

Siku ya pili yake Yahya akasimama mbele ya cherehani ya Kavutha. Amekonda. Shati lilikuwa na vifungo vyote.

"Mama analia tangu jana," akasema. "Anasema alimtukana mtu aliyekuwa akimhifadhi."

Kavutha hakuinua macho. "Ungeuliza, Yahya."

"Ningeuliza."

"Nilikuomba siku moja tu."

"Najua, laazizi. Najua. Usiku na mchana najua." Akakishika kifungo cha shati lake. "Kavutha, huko Mombasa nilioa. Binti ya mjomba, Asmaa. Nilioa kwa hasira, na mama akaona ni dawa."

Kavutha alikuwa ameshasikia, mji hauna siri, lakini kusikia kutoka kwa mdomo ule kulikuwa uchungu mwingine. Alishika meza.

"Sasa umekuja kunikaribisha arusi iliyopita?"

"Nimekuja kukuoa. Mama mwenyewe amenituma, amesema atakula kwako kila siku ya Mungu. Dini inaniruhusu wa pili. Mbinya nitamlea kama wangu. Sema ndiyo, Fundi. Sema ndiyo tu."

Jamani, alilitamani neno hilo! Alikuwa amelingoja kiasi kwamba sasa lilipokuja mwili mzima ulitaka kulirukia.

"Asmaa anasemaje?"

"Bado sijamwambia."

"Yuko wapi?"

"Nyumbani. Anapika."

"Anajua nini juu yangu?"

Yahya akainamisha kichwa. "Hajui kitu. Nitamwambia baadaye, akizoea."

Fundi wa jirani aliacha kushona, akajifanya anatafuta mkasi.

"Mama yako sikumlisha asichokijua," Kavutha akasema mwishowe, "na kwa ajili hiyo nilikukosa wewe. Huyo msichana hajanikosea. Naye simlishi."

"Kavutha, kwani hunipendi?"

"Nakupenda mpaka naumwa. Nenda nyumbani, Yahya. Nenda ukale chakula cha mke wako, na uende sasa, kwa sababu ukisimama hapo kidogo tena nitasema ndiyo."

Alisimama kidogo. Kavutha akafumba macho na kuyakaza, na alipoyafumbua Yahya alikuwa ameshachanganyika na watu wa soko.

Mbinya akatoka shule akiburuta begi. "Mum, nimemwona Bosi! Alikuwa anataka nini?"

"Alikuja kuaga."

"Anaenda wapi?"

Kavutha akamvuta mtoto kifuani, pale pale barazani, mbele ya wateja na wachuuzi na mafundi wenzake wote, akalia bila kujificha.