Ukuta wa Sinema Shangwe

Siku hiyo Odilia alikuwa akifagia ukumbi wa sinema wa shamba la ngano, milango ikiwa wazi, na makapi yakiingizwa ndani na upepo kwa kasi ileile aliyokuwa akiyatoa. Hakukasirika. Alikwisha kuzoea. Mumewe, Joakimu, alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa katikati ya ukumbi, akitazama sakafu kama mtu aliyeombwa ushauri na sakafu yenyewe.

Wote wawili walikuwa wazaliwa wa Endasak, chini ya mlima. Joakimu alikuwa fundi mwashi wa shamba. Odilia aliuza tiketi na kuwaonesha watu mahali pa kukaa. Binti yao, Kornelia, walikuwa wamemwacha kwa bibi yake ili asome karibu na nyumbani.

Ukumbi ule ulianza kama ghala la mbolea. Madirisha yalizibwa kwa matofali ili kuwe na giza hata saa sita mchana, ukaitwa Mavuno, na kila Jumapili watu walitazama picha. Kila Jumapili pia waligombana. Madereva wa trekta walitaka za karate. Wake zao, walimu na wauguzi walitaka za Kihindi. Siku moja dereva na mkewe walitoka mle wakiwa wameshikana mashati.

Bwana Nicodemo, ofisa ustawi aliyeletwa kutoka Bukoba, hakumkaripia mtu. Alikuwa mpole, msomaji wa magazeti, na katika gazeti alisoma kwamba huko nje sinema moja siku hizi ina vyumba vingi, kila chumba na picha yake.

"Fundi," alimwambia Joakimu, "ukiugawa ukumbi huu kati kwa kati, utakuwa umeokoa ndoa nyingi kuliko padri."

"Saruji iko wapi, bwana mkubwa?"

"Hapo ndipo ufundi wako unapoanza."

Ilikuwa miaka ambayo mfuko wa saruji ulisimuliwa tu. Udongo wa uwanda ule ni mweusi. Mvua ikinyesha unanata, ukikauka unapasuka. Joakimu alizunguka siku nzima na Theodory, dereva wa trekta, akichimba hapa na kuonja pale, mpaka jioni aliporudi na tela limejaa udongo ambao Odilia hakuwahi kuuona mfano wake. Ulikuwa laini, umeshikana, kama umekwisha kukandwa na mtu.

"Umeupata wapi?"

"Huko mbele, katikati ya ngano," Joakimu alisema, na akaanza kuumwagia maji.

Matofali yalifyatuliwa, ukuta ukapanda haraka. Haukupasuka hata mahali pamoja. Walipaka chokaa, wakaandika jina jipya juu ya mlango, Sinema Shangwe, na siku ya kufungua Bwana Nicodemo alichinja ng'ombe. Watu walikula, wakanywa pombe, wakacheza mpaka vumbi likafunika viatu. Kisha waligawanyika, karate kushoto, Kihindi kulia, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyegombana.

Odilia alipopita katikati ya viti alishika ukuta asijikwae. Ulikuwa wa vuguvugu, kama ubavu wa ng'ombe.

Haikupita muda akaanza kupata shida katika chumba cha upande wa kulia. Mstari wa viti ulio karibu na ukuta ulikuwa na njia ya mtu kupita. Sasa watu walipita kwa ubavu. Baadaye hawakupita kabisa.

"Ukuta umesogea," alimwambia mumewe.

"Mama Kornelia, ukuta si mbuzi."

"Njoo upime."

Alikuja akicheka, na kamba mkononi. Alipima. Akapima tena. Hakucheka tena siku ile.

Alichukua jembe na panga akauchonga ukuta mpaka ukarudi mahali pake, akatoa nje kifusi, akakiacha nyuma ya jengo. Asubuhi kifusi hakikuwapo. Wala alama ya tela, wala ya miguu. Na kwenye ukuta, pale alipochonga, mtu alikuwa amechomeka majani mabichi.

Bwana Nicodemo aliona ni unyevu na ubaya wa paa. Alifunga ukumbi, akarekebisha mabati, akapaka rangi ya samawati, akabadilisha jina. Sinema Tumaini. Siku ya kufungua akachinja ng'ombe tena. Watu wakala, wakanywa, wakacheza.

Wiki iliyofuata mstari mzima wa viti ulikuwa umemezwa. Miguu ya chuma ilionekana kidogo tu, ikichomoza kwenye udongo.

Chumba cha kulia kikafungwa.

Mchana mmoja bibi wa Kibarabaig, wa wale wafugaji wa uwanda ule, alikuja kwenye dirisha la tiketi. Alivaa vazi lake la ngozi, bangili za shaba zimejaa mkononi, na alishika kibuyu. Odilia alimwamkia shikamoo, bibi akaitikia.

"Leo hakuna picha, bibi."

"Sikujia picha. Nimekuja kwa mzee."

"Mzee gani?"

Bibi alielekeza kibuyu ndani, kwenye ukuta wa kati. Odilia alimfungulia. Hakujua kwa nini hakumkatalia. Pengine ni ule utulivu wake, wa mtu anayeingia kwao. Bibi alimwaga maziwa kidogo chini ya ukuta, akachomeka majani, akanong'ona. Alipomaliza aliuangalia ukuta kutoka juu mpaka chini kama mtu anayekagua kazi.

"Mnajenga vizuri," alisema. "Zamani sisi tulijenga. Watu wanakusanyika, wanakula, wanakunywa. Udongo unaongezwa. Wanakusanyika tena. Ndivyo kaburi la mzee linavyopanda. Trekta zilipokuja tukahama. Nilidhani ameachwa. Kumbe mmeanza upya."

Odilia alitikisa kichwa. "Bibi, sisi tulifungua sinema."

"Mlichinja?"

"Tulichinja."

"Basi."

"Tufanye nini asiendelee?"

Bibi alifikiri. "Mnampa majina kila siku. Analo lake. Mwanawe angelitaja, angesikia. Lakini wanawe walihama na ng'ombe, wakaenda mbali. Mimi ni mke wa mwanawe. Kwetu jina la baba mkwe halipiti mdomoni mwangu, hata nikifa."

"Tukiurudisha udongo?"

"Mahali pale pamelimwa, mwanangu."

Aliinama kuokota kibuyu. Mlangoni akageuka. "Kaburi likifika juu linafungwa, linatulia. Bado kidogo. Mjenzi asiondoke tu kabla hajamaliza."

Jioni Odilia alimweleza mumewe yote. Joakimu alisikiliza, mikono juu ya magoti. Ndipo akasema kwamba udongo ulitoka kwenye kilima kidogo, kama kichuguu, kilichozungukwa na ngano. Kilikuwa kimeliwa na mvua, hakina uzio wala alama. Theodory alimwambia, "Hapo huwa tunakwepa." Joakimu akamwuliza kwa nini. Theodory akajibu kwamba naye aliwakuta wenzake wanakwepa. Hapakuwa na wa kuulizwa zaidi. Udongo ulikuwa umechanganywa na samadi na kukandwa kwa mkono wa anayejua, na fundi anapoona kazi ya fundi mwenzake, mkono unakwenda wenyewe.

Walikwenda na Theodory kutafuta mahali pale. Ngano ilikuwa imeota. Kila upande kijani kimoja, kirefu mpaka macho yachoke. Theodory alisimamisha trekta hapa, akasogea, akasimamisha tena. Mwisho alizima injini.

"Mimi sipaoni, fundi," alisema kwa sauti ndogo. "Nimelima hapa miaka. Sipaoni."

Joakimu alitaka kuondoka shambani. Odilia ndiye aliyefunga mizigo. Walifika njia panda ya Gendabi, wakasubiri gari, na gari lilipokuja Joakimu hakupanda. Alisimama na mguu mmoja hewani.

"Panda," Odilia alisema.

"Nimeacha kazi nusu."

"Baba Kornelia. Panda."

Aliushusha mguu. Alimtazama kama mtu anayeona aibu. Gari likaondoka, nao wakarudi kwa miguu kati ya ngano, yeye mbele, hatua zikimwenda haraka kama anaitwa.

Bwana Nicodemo alimsikiliza Odilia mpaka mwisho. Hakumdhihaki. Alisema anaheshimu mila za watu, lakini wageni wa makao makuu wangefika Jumapili, mwaliko ulikwisha kwenda, na jina lilikwisha kuandikwa. Sinema Fahari.

"Usichinje tu," Odilia alimwomba.

"Wageni watakula nini, mama?"

Jumapili ng'ombe alichinjwa asubuhi. Watu walikuwa wengi kuliko siku zote. Odilia alimwambia mumewe akae nje, penye jua, asikanyage kizingiti. Alikubali. Picha ikaanza katika chumba cha kushoto, saa saba mchana. Viti havikutosha kwa wageni.

"Mama Kornelia," Bwana Nicodemo alinong'ona, "lete mabenchi ya kile chumba kilichofungwa."

Alisita. Lakini wageni walikuwa wamesimama, na wote walikuwa wakimtazama. Akachukua ufunguo.

Chumba kilikuwa na giza. Aliacha mlango wazi nyuma yake. Alipapasa mpaka akaligusa benchi. Akalivuta. Halikuja. Akalivuta tena, na mwanga uliokuwa mgongoni mwake ukapungua. Ukapungua. Ukaisha.

Hakuusikia mlango ukifungwa.

Alirudi alikotoka. Akagusa ukuta. Akaufuata kwa mkono, kwa kuwa chumba kina pembe, na baada ya pembe kuna mlango. Alitembea. Hakufika kwenye pembe. Ukuta ulikuwa unapinda tu, polepole, unapinda naye. Alihesabu kwamba amekwisha kuzunguka chumba chote. Akaligusa benchi lilelile.

Upande wa pili watu walicheka. Picha ilikuwa ya kuchekesha.

Alipiga ukuta kwa ngumi. Ngumi haikutoa sauti.

"Odilia."

Ilikuwa sauti ya Joakimu, chini, karibu.

"Nilikwambia ukae nje."

"Nilikuona hutoki." Mkono wake ukampata begani. "Usiseme sana. Hewa ni ndogo."

"Umeingilia wapi? Turudi hapo."

Alipapasa nyuma yake. "Hapapo tena," alisema.

Walisimama wamegusana. Udongo ulikuwa mgongoni. Kisha ulikuwa kifuani. Ulikuwa wa vuguvugu na ulinuka samadi mbichi na maziwa. Odilia alianza kusali, akapotea katikati ya sala aliyoijua tangu utoto.

"Tazama juu," Joakimu alisema.

Juu palikuwa na uwazi, mdogo kama sinia. Bati moja lilikuwa limefunguka, na jua la saa nane lilikuwa pale, jeupe. Kuta ziliinuka kuuelekea zikijikunja ndani, kama mdomo wa chungu.

"Panda mabegani."

"Na wewe?"

"Panda kwanza."

Alipanda. Alimkanyaga mabega, kisha kichwa. Alishika ukingo, udongo ukamwachia nafasi ya vidole, kama unamsaidia. Alijivuta mpaka kifua kikawa juu ya bati, moto wa jua usoni. Akalala kifudifudi, akateremsha mkono.

"Nipe mkono."

Hakuna mkono uliokuja.

"Baba Kornelia. Nipe mkono."

Akasikia mwiko. Kwaru. Kwaru. Sauti aliyoijua kuliko sauti nyingine yoyote, chuma kikilainisha udongo.

"Ngoja nimalizie hapa," Joakimu alisema. Haikuwa sauti ya mtu aliyeshikwa. Ilikuwa sauti yake ya kazini, ya mchana, ya kawaida kabisa.

"Toka humo. Nakuomba."

"Kidogo tu."

Kisha akasema neno jingine, lakini halikuelekezwa kwa Odilia. Alikuwa anaongea na mtu. Mtu huyo akajibu, kwa sauti nzito isiyo na haraka. Joakimu akacheka kidogo, kama mtu aliyesahihishwa na mkubwa wake akaona ni kweli.

Kwaru. Kwaru.

Uwazi ukawa kama sahani. Odilia aliingiza mkono mpaka begani, akagusa nywele. Akazishika. Uwazi ukawa kama kikombe, naye akautoa mkono kwa sababu udongo uliusukuma nje, taratibu, bila kuuumiza.

Watu walimkuta Odilia juu ya paa, akikwaruza mahali ambapo palikuwa na bati tupu, kucha zimetoka damu.

Walivunja mlango wa chumba cha kulia. Kilikuwa kipana kama siku kilipojengwa. Mistari yote ya viti ilikuwapo, safi, na mabenchi yamepangwa. Ukuta ulikuwa mahali pake, mkavu, wa baridi. Joakimu hakuwamo. Wapo waliosema fundi alikimbilia Singida na mwanamke. Bwana Nicodemo hakusema hivyo. Alivua kofia, akaagiza ukuta ubomolewe.

Ulibomolewa na wanaume wa karakana, Theodory akiwa mbele, mchana kweupe, milango yote wazi. Matofali yalikuwa matofali. Mpaka sululu ya Theodory ilipozama ghafla, akaanguka mbele.

Katikati ya ukuta palikuwa na nafasi ya duara, ndogo, ya kutosha watu wawili waliokaa wanatazamana. Ilikuwa tupu. Hapakuwa na mfupa, wala nguo, wala mwiko. Lakini ilikuwa imepigwa plasta kwa ndani, pande zote mpaka juu, laini kama ganda la yai, na hapakuwa na mlango ambao mtu aliyeipiga angetokea.

Plasta ilikuwa bado mbichi. Upande mmoja palikuwa na alama za viganja, zile ambazo fundi huziacha anapojishikiza. Odilia alizijua bila kuambiwa. Upande unaotazamana nao palikuwa na viganja vingine, vikubwa zaidi, vidole virefu.

Wanaume walirudi nyuma, mmoja mmoja. Odilia aliingia akaweka kiganja chake ndani ya alama ya kiganja cha mumewe, akakiacha hapo. Udongo ulikuwa wa vuguvugu. Kisha, chini ya mkono wake, ukaanza kukauka.