Sabufa Mbili Zilizogombana

Mume wangu anashona viti vya magari. Mletee gari lenye viti vilivyochanika mpaka sponji inachungulia nje. Baada ya siku mbili utavikuta vimekaa kama vipya. Mishono yake imenyooka kama imepigwa rula. Sifa hiyo anaijua mwenyewe, na usipomsifu atasimama hapo hapo akikusubiri.

Mimi nafua na kupiga pasi shuka za hospitali. Tuna binti mmoja, ana miaka kumi na tisa. Ni kiziwi tangu utotoni. Nyumbani tunamwita Chiriku, kwa sababu mikono yake hainyamazi. Anaongea kwa ishara asubuhi, mchana na jioni, hata akiwa ameshika kikombe cha chai. Sakafu yetu inalijua hilo.

Chiriku anacheza dansi. Watu huuliza, kiziwi anachezaje muziki asiousikia? Anausikia kwa miguu. Baba yake alimtengenezea jukwaa la mbao la kulaza chini uani, nyuma ya gari letu. Kwenye ukingo wa jukwaa tunaweka sanduku lenye spika mbili kubwa za besi, zile zinazoitwa sabufa. Waya mrefu unatoka hapo mpaka kwenye amplifaya, iliyofungwa ndani ya buti la gari. Besi ikipiga, mbao zinatetemeka. Hapo Chiriku anavua viatu, na mimi naacha kazi zote nimtazame.

Mwaka jana alikwenda kwenye usaili wa chuo cha sanaa. Hawakumpa hata nafasi ya kuanza. "Kiziwi hawezi kufuata mdundo," walisema. Alirudi nyumbani mikono yake ikiwa kimya siku mbili nzima. Sijawahi kuona ukimya mzito kama ule.

Mwaka huu aliandika barua mwenyewe. Akajibiwa: njoo Jumamosi saa nne asubuhi, uje na vyombo vyako vya muziki. Chuo hakipokei mtu aliyevuka miaka kumi na tisa. Kwa hiyo ilikuwa Jumamosi hiyo, au basi tena.

Jumapili iliyotangulia, mume wangu alilitazama lile sanduku la spika akakunja uso.

"Binti yangu hawezi kwenda mbele ya watu na sanduku lililochakaa," alisema.

Akalibeba hadi karakana yake. Akalivika ngozi nyekundu, safi kabisa. Kisha akaona nyaya. Kila spika ilikuwa na waya mwekundu na waya mweusi.

"Waya mweusi juu ya ngozi nyekundu? Aibu gani hii!"

Akazitoa nyaya zote za zamani. Akaweka mpya, zote nyekundu. Hakuishia hapo. Akazishonea vifuko vyembamba vya ngozi ile ile, ukiziangalia huoni hata kipande cha waya. Lilipendeza kwelikweli. Nami nilimsifu, sitakataa.

Jumatatu jioni Chiriku alipanda jukwaani. Muziki ukawashwa. Akapiga hatua mbili, akasimama.

"Jukwaa limekufa," alisema kwa ishara.

"Halijafa," baba yake alijibu. "Ngozi ni mpya. Itazoea."

Chiriku akapiga magoti. Akaweka kiganja kwenye spika ya kwanza, halafu kwenye ya pili. Akatikisa kichwa.

"Hii ina nguvu. Hii nayo ina nguvu. Lakini zikifanya kazi pamoja, zinagombana."

Baba yake akacheka. "Spika zigombanie nini? Urithi?"

Akachukua bisibisi, akaenda kwenye amplifaya. Pale pana skrubu ndogo iliyoandikwa "geini". Yeye siku zote aliamini kwamba hiyo ni sauti ya akiba. Akaizungusha mpaka mwisho. Jukwaa likatetemeka kidogo tu, na muziki ukaanza kukoroma kama mtu mwenye mafua. Jumanne akaongeza na kile kitufe cha kukuza besi. Jumatano tukasikia harufu ya kitu kinachoungua. Amplifaya ilikuwa ya moto, haishikiki. Taa yake nyekundu ikawaka, na muziki ukakatika.

"Mwite Bi Kipimo," nilimwambia.

Bi Kipimo ni jirani yetu, nyumba ya tatu. Ni fundi mitambo katika kituo cha redio. Jina hilo alipewa kwa sababu hajibu swali kabla ya kupima. Ukimwambia leo kuna joto, atakuuliza umepima wapi.

"Nitaonekanaje?" mume wangu alisema. "Mimi fundi, nikaite fundi?"

"Mganga hajigangi," nikamjibu. "Na mficha uchi hazai. Jumamosi haitakungoja mpaka aibu yako iishe."

Alhamisi, jua likiwa bado halijazama, Bi Kipimo aliingia uani na mita yake ya umeme mkononi. Akalitazama lile sanduku jekundu.

"Shemeji, hapa umeshona!" alisema.

Mume wangu akavimba kichwa.

"Sasa niambie, umefanya nini tena?"

Mume wangu akaeleza kila kitu. Alipofika kwenye geini, sauti yake ikapungua.

"Nimeiongeza mpaka mwisho, ili sauti iwe kubwa."

"Geini si sauti, shemeji. Sauti iko kwenye redio ya gari. Geini ni kulinganisha. Redio inatuma umeme mdogo wa muziki, na amplifaya inaukuza. Geini inaiambia amplifaya ikuze kiasi gani. Wewe ukipewa kava dogo, ukalivuta kwa nguvu likivike kiti kikubwa, nini kitatokea?"

"Mshono utafumuka."

"Basi ndivyo ilivyo. Amplifaya ina mwisho wake. Ukiilazimisha kupita hapo, mawimbi ya muziki yanakatwa vichwa. Ndiyo huko kukoroma. Na muziki uliokatwa vichwa unatia spika joto kali. Ile harufu ilikuwa koili inalia, yaani ule waya uliozungushwa ndani ya spika."

Mume wangu akazigusa spika. "Zimeungua?"

"Sijapima."

Akaanza mwanzo, bila haraka. Alitazama fyuzi: nzima. Akapima umeme unaofika kwenye amplifaya: volti kumi na mbili na ushee. Akautikisa waya wa kurudishia umeme, uliofungwa kwenye bodi ya gari. Ulikuwa umekaza, tena umeshika chuma kitupu kilichokwanguliwa rangi. Alipowasha amplifaya iliyokwisha kupoa, ile taa nyekundu haikuwaka tena.

"Ilijizima yenyewe ili isiungue," alisema. "Imekuwa na akili kuliko mwenyewe."

Kisha akazima kila kitu, akazichomoa spika, akapima koili zake moja baada ya nyingine. Spika hizo ni za omu nne, ndicho kipimo cha koili kuzuia umeme. Mita ikasoma tatu nukta saba kwa ya kwanza, na tatu nukta saba kwa ya pili.

"Ni karibu na nne, koili ni hai. Zingekatika, mita isingesoma kitu. Mna bahati."

"Kumbe tatizo ni nini?" niliuliza.

Bi Kipimo alikuwa anamtazama Chiriku, ambaye mikono yake ilikuwa inakwenda mbio.

"Anasema nini?"

"Anasema zinagombana," nikatafsiri. "Amesema hivyo tangu Jumatatu."

"Tangu Jumatatu?" Bi Kipimo akamgeukia mume wangu. "Na wewe ukasemaje?"

Nikamjibia mimi. "Aliuliza kama zinagombania urithi."

Bi Kipimo hakucheka. Alitoa betri ndogo ya rimoti mfukoni. Akaunganisha tena spika zote mbili kwenye waya mrefu, ila ule upande wa amplifaya aliuacha wazi.

"Mwambie aweke kiganja kimoja juu ya kila spika. Polepole, asikandamize."

Chiriku akaweka viganja. Bi Kipimo akagusisha ncha za waya kwenye betri, mara moja tu. Tap!

Macho yakamtoka Chiriku. Akaomba irudiwe. Tap! Akainua mkono wa kushoto juu, akaushusha wa kulia chini. Halafu akaanza kuruka.

"Huku spika imetoka nje. Huku imeingia ndani!" nilitafsiri.

"Sawasawa," alisema Bi Kipimo. "Kila spika ina chanya na hasi. Zikifungwa sawa, zinasukuma pamoja. Moja ikigeuzwa, hii inasukuma wakati ile inavuta, na besi inajifuta yenyewe. Geini hata uifikishe wapi haitasaidia. Sasa shemeji, kati ya nyaya zako hizi nzuri, chanya ni upi?"

Mume wangu alitazama nyaya nne nyekundu ndani ya vifuko vinne vyekundu.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alichukua wembe wake wa kufumulia, akaketi chini, akaifumua ile mishono yake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine. Akatafuta waya mweusi. Akaufunga upande wa hasi wa kila spika, na mwekundu upande wa chanya. Bi Kipimo akagusisha betri tena. Viganja vyote viwili vya Chiriku vikainuka pamoja.

Mume wangu anajua ishara chache, na vidole vyake ni vinene kwa sababu ya sindano kubwa. Lakini alisimama mbele ya binti yake, akasema polepole kwa mikono, "Uliniambia. Sikukusikiliza."

Chiriku akamjibu haraka. "Sasa kiziwi hapa ni nani?"

Tulicheka mpaka Bi Kipimo akalazimika kufuta miwani.

"Haya, sasa tuipange geini," alisema. "Zima kile cha kukuza besi. Geini irudishe chini kabisa. Kwenye redio, weka besi na sauti nyembamba katikati, kwenye sifuri. Spika zisiwe zimeunganishwa. Washa injini. Redio yako inafika namba ngapi?"

"Arobaini."

"Weka thelathini, robo tatu ya njia. Hapo ndipo mwisho wenu kuanzia leo."

Akachomeka flashi yenye mlio mmoja tu, mzito, usiobadilika. Akaipeleka mita kwenye volti za AC, umeme unaokwenda na kurudi, na kuigusisha pale amplifaya inapotolea muziki.

"Amplifaya imeandikwa wati mia mbili kwa omu mbili. Sabufa zako za omu nne, zikifungwa mbili sambamba, zinakuwa omu mbili. Na kila moja inabeba wati mia moja na hamsini, kwa hiyo hazitaelemewa. Zidisha mia mbili kwa mbili, unapata mia nne. Namba gani ikijizidisha yenyewe inatoa mia nne?"

Nilitafsiri. Kabla sijamaliza, Chiriku alikuwa amekunjua vidole vyote kumi, mara mbili.

"Ishirini!" alisema Bi Kipimo. "Tunatafuta volti ishirini. Fundi, bisibisi ni yako."

Mume wangu akazungusha skrubu taratibu, kijasho kikimtoka. Mita ikasoma tisa. Kumi na tatu. Kumi na nane.

"Kidogo... kidogo... acha!"

Skrubu haikuwa imefika hata nusu ya njia.

"Hapa tu?" mume wangu aliuliza.

"Hapa tu. Kava limekaa."

Wakazima kila kitu, wakaunganisha spika, wakawasha muziki. Kwanza chini, halafu juu kidogo. Haukukoroma. Maji ya ndoo yangu kando ya jukwaa yakaanza kufanya viduara. Chiriku akavua viatu.

Jumamosi tulifika chuoni saa tatu. Tukalaza jukwaa uani, nyuma ya gari, na sanduku letu likiwa na nyaya nyekundu na nyeusi zinazoonekana wazi. Wasaili walikuwa watatu. Mkuu wao alikuwa mzee mrefu mwenye shaka usoni. Alikuwa mmoja wa wale wa mwaka jana.

Chiriku akaanza. Sitajaribu kueleza alivyocheza, nitaonekana najisifu. Basi na nijisifu: alicheza kama mifupa yake imetengenezwa kwa mdundo.

Katikati ya ngoma, alipokuwa ameligeuzia gari mgongo, yule mkuu alinyanyuka. Akaenda mlangoni mwa gari, akanyoosha mkono, akazima redio. Mume wangu alitaka kupiga kelele. Nikamfinya.

Chiriku aliganda papo hapo, mguu mmoja hewani. Akaushusha. Akatazama mbao, akageuka, akamtazama yule mzee.

"Nani amezima?" aliuliza kwa mikono.

Nikatafsiri. Yule mkuu akainama, akafungua kamba za viatu vyake, akavua na soksi. Akapanda jukwaani. Akampa mume wangu ishara awashe. Besi ilipogonga, uso wake ulibadilika. Alisimama pale pembeni pekupeku mpaka Chiriku alipomaliza.

"Nani amefunga muziki huu?" aliuliza, akiwa bado hajavaa viatu.

Namjua mume wangu. Miaka ishirini na mbili sijamwona akiachia sifa impite. Nilimwona akivuta pumzi.

"Nilioufunga mimi ulikuwa na kosa," alisema. "Aliyeligundua kosa ni huyo hapo."

Yule mkuu akaandika kitu kwenye karatasi yake. Wiki mbili baadaye barua ilikuja: Chiriku amepokelewa. Mume wangu aliishonea jalada la ngozi nyekundu, na mshono akautia uzi mweusi.