Faili la Jean Lililorefuka

Miaka ile wakimbizi wa Kongo walipojaa Kigoma, Gervasi, mtoto wa dada yangu, alikuwa na kibanda Ujiji cha kugeuza sauti. Unamletea wimbo ambao mashine yako imeukataa, anaugeuza aina ya faili mpaka inaukubali. Kazi ya kukaa kitako, lakini alijiita fundi.

Jumanne moja adhuhuri akaingia Marcelina, mama wa kambini, na kibali cha kutembea mpaka saa kumi na moja. Akafungua pindo la kitenge, akatoa kinasa sauti kidogo.

"Ni cha mume wangu, Jean. Alivuka ziwa kurudi Kongo kumfuata mama yake, miezi saba sasa. Mvuvi wa Bangwe amekuta mtumbwi unaelea mtupu, hiki kimo ndani ya mfuko wa nailoni. Fundi, nataka kujua. Kama yu hai, namngoja. Kama amekufa, niweke matanga."

"Mama, hapa tunageuza sauti, hatupigi ramli."

"Geuza basi, uache mdomo."

Gervasi akachomeka waya. Faili lilikuwa moja, la dakika mbili, la aina ambayo kompyuta yake haikuweza kuifungua. Akaliingiza kwenye programu ya kugeuzia. Likatoka na dakika tatu.

Akakuna kichwa. Kugeuza hupunguza ukubwa wa faili au huuongeza, maneno hayaongezeki. Akafuta, akageuza upya.

Dakika nne.

Akabonyeza. Maji. Mtu anapiga kasia. Jean akawasalimu wanawe, mmoja mmoja kwa jina, akicheka. Dakika ya pili ikaisha kwa kishindo. Kisha maji matupu, kwa muda mrefu, halafu sauti ya Jean ikaita:

"Marcelina."

Mama yule akainuka. Gervasi akamziba mdomo kwa kiganja. Wote wawili walikulia ufukweni, mmoja ng'ambo, mmoja huku, na wote walifundwa lile lile: aliyepotea ziwani bila matanga akikuita, huitiki mpaka umwone uso. Ukiitika, umemwonyesha njia.

"Usiitike," akanong'ona.

"Ni yeye."

"Sauti ni yake. Mwenyewe simjui."

"Marcelina. Mbona kimya?"

Gervasi akabonyeza kusimamisha. Haikusimama. Akauondoa mkono mdomoni pa mama ili avute waya wa spika. Mjinga! Mikono alikuwa nayo miwili.

"Niko huku Ujiji, Jean!"

Sauti ikakatika yenyewe. Kibandani kukawa baridi, na nje jua linachoma mabati.

Marcelina akaketi. Hakulia.

"Amekufa," akasema. "Jean aliye hai angeulizia watoto kwanza."

Akajifunga kitenge, akaenda kuwahi lori la kambini. Matanga aliyaweka siku hiyo hiyo. Mpaka hapo alikuwa amepata alichokifuata.

Gervasi akabaki kulifuta lile faili. Kabla ya kufuta, akatazama urefu wake.

Dakika tano.

Angefuta tu! Lakini fundi haachi. Akasogeza mpaka mwisho, akasikiliza. Akamsikia Marcelina, wazi kabisa: "Niko huku Ujiji, Jean!" Kompyuta ile haikuwa na maikrofoni ya kunasa sauti.

Kisha Jean, kwa upole, karibu sana na spika:

"Na huyo aliyekuziba mdomo, anaitwa nani?"