Mwizi Aliyeongeza Mafuta ya Breki

Komeo la banda halikuvunjwa. Lilifunguliwa skrubu moja moja, na skrubu zote nne zikapangwa ndani ya kifuniko cha kopo kando ya mlango, huku kufuli likining'inia limefungwa vilevile. Ilikuwa Jumatatu, saa moja na robo asubuhi. Aliyekuta hivyo ni Binti, fundi wa magari ambaye kwa wiki nzima alikuwa akilifufua gari la mbio la daktari wa meno, jekundu, la viti viwili, lililolala humo miaka kumi na mmoja bila kuwashwa.

Saa mbili kasorobo Tochi alikuwa ameshafika. Mwanamke huyu alikuwa inspekta mstaafu wa polisi, mdogo wake mke wa daktari. Jina alibandikwa kazini kwa sababu alimulika vitu hata mchana wa jua kali. Kustaafu kulimkataa kabisa. Alikaa, akasimama, akazunguka, akakaa tena, hata dada yake akawa anamwambia viti vya nyumba hii vimeota miiba. Ila leo miguu yake ilikuwa na sababu ya kutotulia. Tangu ajali ile hakuwahi kukanyaga banda hili.

Ajali yenyewe alikuwa akiijua kama jina lake. Kwenye mteremko wa tangi la maji gari lilivutwa kushoto na kugonga ukuta wa zege, upande aliokaa dada. Mguu wa dada haukupona sawasawa, na mpaka leo anatembea na mkongojo. Daktari alisema alikanyaga breki zikashika upande mmoja. Gari likakaguliwa, ripoti ikaandika breki ni nzima. Basi, kosa likawa mwendo kasi wa daktari. Tochi mwenyewe, tena akiwa na sare, ndiye aliyemsomea dada ile ripoti kitandani hospitalini. Mke na mume wakaendelea kuishi nyumba moja, vyumba viwili. Daktari akalifunga banda na kuuvaa ufunguo shingoni.

"Shemeji, wameiba nini?" Tochi aliuliza.

"Redio na vioo vya pembeni," alijibu daktari. Alikuwa mzee mwembamba, mikono yake safi mno. "Redio ambayo hata haiimbi."

"Na nani alijua kwamba gari linafufuliwa?"

"Mtaa mzima. Tulipofungua mlango watu walijaa kama wamesikia harusi."

Tochi aliinama kwenye gari. Binti alikuwa ameshamwaga petroli ya zamani iliyonuka kama vanishi, ametoa kiota cha panya kwenye chujio la hewa, na plagi zimepangwa juu ya kitambaa kwa mfuatano wake. Kila kitu mahali pake. Tochi alimulika tairi la nyuma, nati zimefunikwa na vumbi zito. Akamulika la pili, hivyo hivyo. La mbele kushoto, hivyo hivyo. La mbele kulia, nati zilikuwa zinang'aa, na sakafuni chini yake palikuwa na tone.

Aliligusa kwa kidole. Lilikuwa jeupe kama maji, lenye utelezi.

"Ulilifungua tairi hili?"

"Hapana, Mama. Breki nilipanga kuzifungua leo. Jumamosi nilifyonza tu mafuta ya breki ya zamani kwenye kikopo chake. Yalikuwa meusi kama kahawa. Nikakiacha kikavu kabisa, maana mabomba yote nabadilisha. Nikafunga saa kumi jioni."

"Nionyeshe kikopo."

Binti alifungua boneti, akabaki mdomo wazi. Kikopo kilikuwa kimejaa mafuta meupe hadi kwenye alama, na kifuniko kimepanguswa.

"Ulimwambia nani kwamba ulikikausha?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi usimwambie mtu," alisema Tochi. "Hata Daktari."

Daktari alikuwa mlangoni, anazitazama skrubu kwenye kifuniko. "Mimi sitaki kumsingizia mtu," alisema taratibu, "lakini Binti naye hupanga skrubu hivi hivi."

Uso wa Binti ulisawijika. "Sote mafundi tuliofundishwa na mzee Mwalimu tunapanga hivyo. Daktari, mimi nina ufunguo. Ningefungua skrubu za nini?"

"Ili tuseme hivyo unavyosema," alijibu daktari, kisha akaona haya na kutazama chini.

Tochi alimhurumia Binti. Akiondoka hapa na doa la wizi, hakuna karakana itakayompa hata spana ya kushika. Akatoka kwa hatua za haraka, ingawa hakuna aliyekuwa anamkimbiza.

Saa tatu na nusu alikuwa kwa Dalali wa Vyuma, aliyewahi kutaka kulinunua gari vipande vipande, daktari akamfukuza. Jirani alikuwa amemwona jana saa tisa alasiri akichungulia kwenye ua.

"Nilichungulia, sikatai," alisema Dalali, anatafuna kijiti. "Nilitaka kuona kama ameshachoka. Mzee king'ang'anizi yule."

"Na redio?"

Dalali alicheka hadi kijiti kikamtoka. "Inspekta, unanitukana. Usukani wa mbao ule peke yake ni redio kumi. Rimu ndio usiseme. Mimi niingie mle nitoke na redio mbovu? Hiyo ni kazi ya mtu asiyejua kuiba."

Tochi aliona kuna ukweli. Akiwa njiani kurudi, alipekua pipa la taka kwenye kona ya mtaa, akaikuta redio, na vioo viwili vimeviringishwa kwenye gazeti visije vikavunjika. Mwizi huyu alikuwa na huruma na vitu.

Saa tano alifika karakana ya Mwalimu. Mzee huyu alikuwa amefundisha nusu ya mafundi wa mji, na ndiye aliyekuwa akilihudumia gari la daktari enzi zake. Alimkaribisha kwa heshima zote, akampangusia benchi.

"Nimesikia habari," alisema. "Inasikitisha. Mimi nililiona Ijumaa tu, nilipopita kumsalimia Daktari. Tangu hapo sijafika."

"Jumamosi na Jumapili hukufika?"

"Sikufika, mama yangu. Magoti haya hayaniruhusu kutembeatembea."

"Njoo basi saa tisa utusaidie. Wanataka kumtupia Binti mzigo. Wewe uliyemlea kikazi, useme kama kazi yake ni ya mtu mwaminifu."

Mwalimu alijipangusa viganja ambavyo havikuwa na uchafu. "Nitakuja."

Saa tisa walikuwa watano bandani. Dada mtu alikaa kwenye kiti cha jikoni, mkongojo magotini, bila kumtazama mumewe. Tochi alizunguka gari mara mbili kabla ya kusema.

"Mwalimu, kazi ya mwanafunzi wako unaionaje?"

Mzee aliinama, na mara akawa yuko darasani. "Plagi amezipanga kwa mfuatano. Vizuri. Ametia mafuta kwenye silinda zilowe kwanza. Vizuri sana, asiyejua angepiga stata moja kwa moja akaua injini." Akamtikisia Binti kidole. "Lakini breki, hapana. Kukiacha kikopo kikavu siku mbili? Hewa ya unyevu inaingia, mabomba yanaoza kwa ndani. Sikukufundisha hivyo."

Binti alikitazama kikopo, akamgeukia.

"Mwalimu," alisema Binti kwa sauti ndogo, "kikopo kimejaa."

"Sasa kimejaa, lakini ulipo..." Akaishia hapo.

"Malizia," alisema Tochi. "Ulipokiacha Jumamosi saa kumi. Hakuna aliyeambiwa. Asiyekuwa Binti, aliyekikuta kikavu ni mtu mmoja, aliyeingia hapa jana. Alifungua tairi la mbele kulia. Alipomaliza, mkono wake ukakataa kuliacha gari bila mafuta ya breki. Redio na vioo alichukua ili tumtafute kibaka. Vioo akaviviringisha kwenye gazeti."

Mwalimu alitafuta pa kukaa. Binti alimsogezea ndoo, kwa mazoea, machozi yakimtoka.

"Ulitoa nini kwenye tairi lile, baba?" aliuliza Tochi.

Mzee aliingiza mkono mfukoni. Alitoa gololi ya chuma, ndogo kama punje ya mbaazi, imeota kutu upande mmoja.

"Mpira wa breki ya mbele kulia ulikuwa unavuja," alisema. "Mpya ungefika Alhamisi. Daktari alilitaka gari Jumanne. Nikaziba bomba kwa gololi, gari likabaki na breki tatu. Mafundi wote tunafanya hivyo, kwa siku mbili tatu. Lakini mteja unamwambia aende taratibu." Aliigeuza gololi kiganjani. "Sikumwambia. Niliona haya kusema Mwalimu ameshindwa kupata mpira. Jumatano wakagonga."

"Na waliokuita ukague..."

"Ni nyinyi polisi. Nilikuwa na wanafunzi tisa, Inspekta. Nikaandika breki nzima. Nikasema gololi nitaitoa baadaye, Daktari akafunga mlango na ufunguo akauvaa."

Tochi alihisi uso unawaka. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akimmulika kila mtu isipokuwa karatasi ile. "Shemeji," alisema, "mimi ndiye niliyeisoma. Sikuuliza hata imeandikwa na nani. Nisamehe."

 Daktari alikuwa anamtazama mkewe, aliyekuwa anajitahidi kusimama. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alilizunguka gari, mkongojo ukigonga sakafu, akafika mbele ya mumewe.

"Ulisema breki zimeshika upande mmoja," alisema. "Damu inanitoka, na wewe unasema."

"Nilisema."

"Mimi nikaamini karatasi."

 Alimshika mumewe mkono, ule msafi, na hakuuachia.

Mwalimu aliandika maelezo yake kituoni jioni hiyo, kwa mwandiko ule ule wa ripoti ya zamani. Binti ndiye aliyemsindikiza. Tochi aliitia gololi kwenye bahasha.

Wiki tatu baadaye, saa nne asubuhi, injini ilikohoa mara mbili, ikatoa moshi wa buluu, ikanguruma. Binti aliijaribu breki mara saba uani, kisha akashuka na kumwuliza dada kama angependa yeye Binti ndiye aendeshe kwa leo, maana Daktari ana miaka mingi hajashika usukani.

"Hapana, mwanangu," alisema dada, akimpa mkongojo aushike na kujiingiza taratibu kwenye kiti cha kushoto. "Mimi namngoja dereva wangu."