Weka Uzi Chini Kwanza

Mama alikuwa amechoka kufunga na kufungua. Nyumba nzima ilinuka nta. Sakafuni mishumaa elfu saba mia mbili kumi na minane ililala kama kuni.

Mteja alitoa masharti: vifurushi vyote vilingane, kisiwepo chenye chini ya mishumaa minne, na usibaki mshumaa hata mmoja. Lori lingekuja jioni. Wakishindwa, kazi angepewa mtu mwingine.

"Tumefunga minne minne, ikabaki miwili," Mama alisema. "Tukafungua. Tumefunga mitano mitano, ikabaki mitatu. Karatasi zinachanika, vidole vinaniwaka moto. Baba watoto, tutafunga mpaka lini?"

"Namba kubwa namna hii haijulikani mpaka uijaribu," Baba alijibu. Akaiokota ile mitatu iliyobaki, akaelekea kwenye sufuria ya nta. "Hii naiyeyusha. Yaishe!"

"Wee! Una wazimu? Mteja si atahesabu?" Mama akamnyang'anya.

Mlangoni alisimama wifi yake, dada wa Baba, anayefundisha watu wazima kusoma na kuhesabu.

"Nimepiga hodi mpaka sauti imekauka. Kuna nini?"

"Muulize kaka yako. Kichwa kigumu kuliko nta baridi!"

Wifi alicheka. Alipoelezwa, akaandika namba sakafuni kwa chaki: 7,218.

"Mitano mitano mmejisumbua bure. Namba inayogawanyika kwa tano huishia na sifuri au tano. Hii inaishia na nane. Kwa nne, tazama tarakimu mbili za mwisho tu. Kumi na nane ukiigawa kwa nne, si inabaki mbili?"

Mama alishika kiuno. "Tangu alfajiri tunahangaika, kumbe jibu liko mkiani!"

"Sasa tujaribu tisa. Kila elfu moja ukiifunga tisa tisa, unabaki mshumaa mmoja. Kila mia, mmoja. Kila kumi, mmoja." Akapanga mishumaa mezani: saba kwa elfu saba, miwili kwa mia mbili, mmoja kwa lile kumi, kisha minane ya mwisho. "Hayo ndiyo masalio yote. Hesabu, wifi."

"Kumi na minane," Mama alisema. Akaigawa mwenyewe. Tisa huku. Tisa kule. Meza ikawa tupu.

"Haibaki!" Baba akapiga kelele.

"Usipige kelele. Leta karatasi!" Mama akamwambia.

Lori lilipopiga honi, Mama alikuwa anakaza fundo la kifurushi cha mwisho. Kilikuwa na mishumaa tisa kamili.

Baada ya wiki mteja yuleyule aliagiza mishumaa elfu tatu mia nne ishirini na mitano. Baba akanyoosha mkono kuchukua uzi. Mama akamtazama tu. Baba akauweka chini.

"Inaishia na tano," alisema. "Mitano mitano, mke wangu."

"Na sufuria?"

"Sufuria ilale na njaa."