Viazi Vilivyotupwa Kichakani

Kila jioni akitoka shule, Kinyaa alivua sare, akavaa gauni kuukuu na kwenda shambani kumsaidia shangazi yake. Jina hilo alibandikwa na kaka zake, kwa sababu hata utando wa maziwa ulitosha kumkimbiza mezani.

Siku moja walikuwa wakivuna viazi vitamu. Kinyaa alipasua kimoja kibovu. Ndani mlikuwa na vijia vyeusi vilivyojaa uchafu, na mabuu weupe wasio na miguu wakijikunja humo. Harufu yake ilimganda kooni. Shangazi alimwagiza achimbe shimo refu, avifukie vibovu vyote.

Alikuwa ameanza tu kuchimba, buu mmoja akamwangukia mguuni. Hapo hapo jembe likamtoka mkononi. Alibeba kapu kwa ncha za vidole, akamwaga viazi kichakani, kando ya matuta mapya yaliyopandwa viazi. Kisha akarudi kusema amevifukia.

Viazi vya matuta yale vilipokomaa, shangazi alichimbua viazi kidogo, akavichemsha. Kinyaa aling'ata pande kubwa. Lo, uchungu wake! Alipokitazama kiazi, aliona nusu ya buu imebaki humo. Nusu nyingine hakutaka hata kuiwazia. Alikimbilia nje, akatapika mpaka machozi yakamtoka.

Shangazi alimpa maji ya kusukutua, huku akijiuliza wadudu wametoka wapi, ilhali vibovu vilifukiwa.

"Sikuvifukia, shangazi," Kinyaa alisema, macho chini. "Nilivitupa kichakani."

Shangazi alimpeleka kwenye matuta, akapasua kiazi kingine. Alimwonyesha buu, na mwingine aliyetulia tuli, asiyekula wala kutembea, akisubiri kuota miguu na mabawa. Pembeni alitambaa mdudu aliyekomaa, mweusi kama sisimizi, mwenye mdomo mrefu. Alimweleza kwamba wadudu kama huyo walitoka kwenye viazi alivyotupa kichakani, wakapenya kwenye nyufa za udongo na kutaga mayai viazini.

Walivichimbua vyote vilivyoliwa na wadudu, wakavifukia chini kabisa. Matuta yaliyosalimika waliyapandishia udongo, wakaziba kila ufa. Kinyaa aliokota viazi vibovu kwa mikono yake, uso ameukunja, mate yakimjaa mdomoni, lakini hakuacha hata kimoja. Baadaye, matuta yaliyosalimika yaliwapa viazi safi.

"Kuona kinyaa si kosa, mwanangu. Hata mimi mwili hunisisimka," shangazi alimwambia. "Kosa ni kusema kazi imekwisha, na wewe hujaifanya. Ungeniambia umeshindwa, tungevifukia pamoja."